Polisi wametunyima faili ya uchunguzi, twende kortini?

Ndugu, kwa kuwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) amewajibu kwa mdomo tu kwamba "uchunguzi unaendelea", bado si wakati wa kwenda kortini. Andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ya Kenya, mtaje nambari ya OB (daftari la matukio la kituo), na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watasema hawakuiona. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, nendeni kwa Ombudsman (Tume ya Haki ya Utawala) ndani ya siku 30. Mkiruka hatua hiyo, wakili wa serikali ataishikilia hiyo hiyo kupinga kesi yenu kortini.

Msiombe faili nzima, majina ya mashahidi hamtapewa. Ombeni ukurasa wa OB wa usiku wa tukio na orodha ya maafisa waliokuwa zamu. Wakisingizia usalama wa taifa, someni kifungu cha 6: korti inaweza kuagiza habari itolewe iwapo manufaa ya umma yanazidi madhara.