Mkono Kwanza, Sikio Baadaye

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na leo alfajiri nikausoma tena. Unaniuliza jambo moja: kwa mtu ambaye hajawahi kusimama juu ya jetski, ile pikipiki ya majini, hata siku moja, anunue ipi kwanza? Ile Kawasaki 550 ya zamani ambayo mwenye nayo anasema haijaguswa tangu itoke kiwandani, au ile Yamaha SuperJet iliyoongezwa nguvu, hedi, yaani kifuniko cha silinda, imechongwa na ekzosti, bomba la moshi, imebadilishwa? Picha zote nimeziangalia. SuperJet imenivutia hata mimi, siwezi kukuficha.

Sasa kabla hatujafika kwenye ipi, nijibu hili: umeigusa? Simaanishi kuizunguka na kupiga picha. Namaanisha kufungua boneti na kuweka kiganja juu ya injini kabla mtu yeyote hajaiwasha siku hiyo, ukaikuta imepoa kabisa. Umelisikia neno hili tangu utotoni, kutoka kwangu na kwa mjomba wako, ukadhani ni msemo wetu wa kutaniana. Mkono kwanza, sikio baadaye. Haukuwa utani. Ulitugharimu.

Unalikumbuka lile bodi la bluu la jetski lililokaa nyuma ya nyumba? Ulikuwa ukilipanda, unashika usukani, unaunguruma kwa mdomo mpaka mate yanakutoka, na watoto wenzako wanapanga foleni. Uliniuliza mara nyingi kwa nini halina injini, nami nikawa nakujibu kwamba injini imekwenda kwa fundi. Haikuwa kwa fundi, mwanangu. Ilikuwa vipande ndani ya sanduku stoo, na sikutaka kulizungumza.

Tulikwenda kuiona jetski hiyo mimi na mjomba wako, hata wewe hujazaliwa. Tulikuta mashine iko juu ya trela, boneti wazi, imeoshwa inang'aa, bodi bado linachuruzika maji. Yule bwana akabonyeza kitufe mara moja tu, ikawaka. Haikusita hata kidogo. Mjomba wako akanitazama, nami nikamtazama, na nadhani hapo ndipo tuliponunua, kabla hata bei haijatajwa. Nilipoinama kuangalia ndani niliweka mkono karibu na hedi, joto likanipiga kiganjani. Nikauliza. Akasema, "Nimeiwasha kidogo kabla hamjafika, nihakikishe haiwaangushi." Nikaona mtu mwema huyu, katujali. Nikamshukuru! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilimshukuru.

Nimekaa na jambo hili miaka. Kuna siku najiambia labda hakujua, labda kweli aliipasha moto kwa nia njema. Kisha najiambia hapana, alijua. Mtu ambaye mashine yake inawaka vizuri asubuhi hana haja ya kuamka kabla ya mgeni. Halafu narudi tena: hata kama alijua, mimi ndiye niliyeushika ule moto kwa mkono wangu na nikaukubali. Yeye alificha, lakini mkono wangu ulinieleza.

Siku ya kwanza majini, ikiwa baridi, iligoma. Stata ilizungusha, ikapumzika, ikazungusha, betri ikaanza kulegea. Mwishowe ikawaka kwa moshi mzito. Na hapa, mwanangu, lazima nikwambie na lile lingine, maana nikikusimulia uchungu peke yake nitakuwa nimekudanganya. Nilisimama. Nililala kifudifudi kwanza, kifua juu ya sakafu ya kusimamia, miguu inaburuta nyuma majini. Nikabana kishikio cha mafuta, ile pua ikanyanyuka, nikapanda magoti. Nikaanguka. Nikaanguka tena, na tena, mpaka mjomba wako akaanza kuniambia nitoke. Kosa langu lilikuwa lile la kila anayeanza: nikifika kwenye kusimama naogopa, naachia mafuta. Bodi hizi zikikosa mwendo hazina msimamo, na zikikosa mafuta hazina hata usukani, kwa sababu kinachoigeuza mashine ni yale maji yanayosukumwa nyuma. Siku uliyoogopa ndiyo siku ya kubana zaidi kidogo. Nilipoelewa hivyo nikaweka unyayo mmoja, kisha wa pili, nikainuka. Maji yalikuwa yametulia, jua liko nyuma yangu, na kivuli changu kinakimbia mbele, kirefu, kimesimama wima juu ya maji. Nilipiga kelele. Mjomba wako anasema alinisikia ufukweni.

Kisha nguvu ikaanza kupungua. Haikuzimika ghafla. Ilikuwa kama mtu anayechoka kupanda mlima, halafu kimya. Tukavutwa kwa kamba mpaka nchi kavu.

Fundi alifungua plagi akaweka geji ya kompresheni, inayopima silinda inavyobana hewa. Silinda ya mbele ilisoma 150. Ya nyuma haikufika 90. Akatoa pistoni ya nyuma akanipa niishike. Upande wa ekzosti ulikuwa umechubuka kutoka juu hadi chini, mistari kama ya kucha za paka, na ringi imenasa kwenye alumini iliyopakazika juu yake. Akanionyesha kitu ambacho nisingekiona mwenyewe: mistari mingine ilikuwa mipya, imekwaruzika vibaya, lakini mingine ilikuwa ya zamani, imeshalainika na kung'aa. Ile injini ilikuwa imeumia kabla yetu. Ndani ya kabureta ya silinda hiyo kuna chujio, halizidi ukucha wa kidole gumba, lilikuwa limezibwa na utando wa petroli iliyolala muda mrefu. Injini za mipigo miwili za kuchanganya oili na petroli, petroli ndiyo inayoibeba oili. Petroli ikifika kidogo, oili nayo inafika kidogo, na joto linapanda. Nilisimama dakika chache zile juu ya pistoni iliyokuwa inakufa.

Kwa hiyo nikikwambia mkono kwanza, elewa natokea wapi.

Mpigie mwenye mashine usiku wa kuamkia siku hiyo, umwombe kwa heshima asiiwashe. Ukifika ukakuta ina joto, usigombane, mwambie utarudi kesho. Akikubali kwa moyo mkunjufu, huyo ni mtu wa kununua kwake. Iwashwe mbele yako ikiwa baridi, sekunde chache tu kama haina maji, maana inapoozwa na maji ya nje. Mkitaka iendelee kuunguruma nchi kavu, iunganishwe mpira wa maji, na mpangilio wake usiuchezee: injini iwake kwanza ndipo maji yafunguliwe, na maji yafungwe kwanza ndipo injini izimwe. Ukigeuza mpangilio huo, maji hupitia kwenye ekzosti yakaingia kwenye silinda. Mwangalie muuzaji anavyofanya hapo. Asiyejua hilo, mashine yake imeshakunywa maji, hata kama hakumbuki.

Halafu pima kompresheni. Plagi zote mbili nje, nyaya zake zigusishwe kwenye chuma, mafuta yabanwe mpaka mwisho, stata izungushe mpaka sindano isimame. Watu watakubishia juu ya namba gani ni nzuri, na kweli geji hazilingani na injini hazifanani. Wewe tazama tofauti ya silinda na silinda. Zikikaribiana, endelea kuongea. Zikiachana kama zetu zilivyoachana, funga boneti, sema asante. Na kwenye ile iliyochongwa hedi, namba kubwa isikulevye. Hedi ikichongwa kompresheni lazima ipande, hiyo si afya. Tena huenda ikadai petroli ya okteni ya juu kila siku ya maisha yake.

Ukanyage sakafu ya kusimamia kwa kisigino kuanzia nyuma hadi mbele. Ikibonyea, maji yameingia chini yake. Inua nyuma ya bodi na mwenzako, usikie uzito, kwa sababu povu la ndani likinyonya maji mashine inakuwa nzito bila sababu inayoonekana. Mkono mrefu wa usukani uutikise kushoto na kulia, na pale ulipofungwa kwenye pua utafute nyufa za faiba zilizopakwa rangi juu. Chungulia kwenye pampu kwa tochi uone kama meno ya impela, ile feni inayosukuma maji, yameliwa na mchanga. Na namba iliyochongwa nyuma ya bodi ifanane na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Hilo halina mazungumzo.

Sasa ile 550. Hapa nagombana na nafsi yangu tangu jana. Kawasaki ndio walioanza kuziuza hizi mwaka 1973, kutokana na wazo la Clayton Jacobson, na 550 ikafuata mwaka 1982. Ni mashine nyepesi, haina mambo mengi, fundi yeyote anayeelewa mipigo miwili ataielewa. Kama kweli haijaguswa, utakuwa unajifunza juu ya kitu kimoja kinachojulikana, si juu ya majaribio ya watu watano waliokutangulia. Hilo ndilo moyo wangu unalisema.

Lakini akili inaniambia: mama, ile bodi ni nyembamba, inayumba, itamwangusha mtoto mpaka achukie. Na nguvu yake ya kuanzia ni ndogo, ukiwa mzito unachelewa kunyanyuka, na kuchelewa kunyanyuka ndiko kunakochosha mikono. SuperJet, iliyotoka mwaka 1990, inavuta vizuri zaidi kutoka chini, hasa zile za kuanzia 1994 zenye injini ya sentimita 701 za ujazo. Kama ingekuwa SuperJet ya kawaida, isiyochongwa, nisingekuwa na barua ndefu hivi. Ila hii imechongwa! Nani aliichonga? Kabureta zilirekebishwa kufuata ile ekzosti mpya, au ziliachwa? Hujaniambia, na nadhani wewe mwenyewe hujauliza. Ekzosti ikibadilishwa na kabureta zikaachwa, unaweza kurudi palepale kwenye petroli haba na pistoni yangu.

Mjomba wako aliposikia alisema ununue ya mipigo minne uachane na habari ya kuchanganya oili. Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye kabisa. Kawasaki SX-R ya mwaka 2017 ina injini ya karibu sentimita 1,500 za ujazo na uzito wa kilo 250 hivi. Hiyo si ya mtu anayejifunza kupanda magoti.

Tena kuna la mavazi, silizungumzi mara mbili. Jaketi la kuelea kila mara, kofia ngumu, viatu, na suruali nene ya neopreni. Maji yanayotoka nyuma ya pampu yana nguvu ya kuingia mwilini na kuumiza viungo vya ndani ukiangukia nyuma yake, onyo hilo limeandikwa kwenye mashine zenyewe. Kamba ya kuzimia iwe mkononi. Mashine ikipinduka, iangalie nyuma kuna kibandiko cha upande wa kuigeuzia, uufuate. Na ikinywa maji usiseme kesho. Siku hiyohiyo utoe plagi, utoe maji, uipake oili ndani, uiwashe, kwa sababu beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hazisubiri kesho kuanza kutu.

Nilijiapiza nisikuchagulie. Nilipokuwa na umri wako bibi yako aliniambia wazi asingenunua, na nikanunua kwa kumbishia tu, hata macho yangu sikuyatumia. Sitaki ununue ile uliyokatazwa wala uache ile uliyopendekezewa. Ninalo jibu, liko kwenye ncha ya ulimi, na ukiendelea kuniuliza nitalisema. Usiniulize mpaka uwe umezigusa zote mbili.

Geji ya kompresheni ipo, ndani ya kile kisanduku chekundu cha mjomba wako, chini ya vitambaa. Mpira wake nimeujaribu leo asubuhi, hauvuji. Niambie siku utakayokwenda. Iwe mapema, kabla mwenyewe hajamaliza kuamka, nami nitakuwa tayari mlangoni.

Mama yako