Mchungaji ataka kuuza ploti ya kanisa, tulalamike wapi?

Pole ndugu yangu, hayo ya mchungaji kuuza ploti na wazee kunyamaza hapa Malindi si mageni. Kwanza angalia kanisa lenu ni la aina gani manake ngazi hazifanani. Anglikana kuna askofu na dayosisi, ardhi iko kwa wadhamini, mchungaji hawezi kuuza peke yake. PCEA (Wapresbiteri) hawana askofu, mwaanzia baraza la wazee, mkikwama mwapanda presbitari (baraza la makanisa ya eneo), juu kabisa mkutano mkuu wa kanisa zima. Wabaptisti washirika wenyewe hupiga kura, basi itisheni kikao. Ila haya makanisa ya mtu na mkewe (yamejaa siku hizi!) someni katiba waliyosajili nayo, halafu mfanye sachi ofisi ya ardhi mjue hati ina jina la nani.