Usitengeneze roboti ya pili kabla hujajua zote utazichajije

Aisee wadau, mwaka mzima nahangaika na viroboti vyangu 12 vya kujipanga vyenyewe (mke wangu anaviita viroboto, na kweli vinarukaruka), kwa hiyo wewe unayetaka kuanza sikiliza kwanza kabla hujachoma hela.

Mimi nilipagawa na Kilobot, viroboti vidogo vya Chuo Kikuu cha Harvard Marekani, zile ambazo mwaka 2014 mtafiti Rubenstein na wenzake walizipanga 1,024 zikajitengenezea umbo la nyota bila mtu kuziongoza. Kila kimoja kina upana wa sm 3.3, hakina magurudumu, ni vimiguu vitatu vya chuma na mota mbili za mtetemo kama zile za simu. Nikasema hii si naiweza, mafundi simu Kariakoo wana simu mbovu kibao!

Cha kwanza kilitembea vizuri mno. Nikalehemu vingine 11 haraka haraka, programu ileile, nikaviwasha: vitatu vikaenda mbele, vingine vikazunguka kama kuku aliyechinjwa na kimoja kikatetemeka tu palepale. Mota zilitoka kwenye simu tofauti, na hata zikiwa za aina moja hazifanani nguvu, yaani lazima kila kimoja ukipimie nguvu yake ya kushoto, ya kulia na ya kwenda mbele, alafu uihifadhi kwenye memori yake chenyewe. Usiruke hiyo hatua, mimi niliruka nikapoteza wiki tatu.

Kuna jua pia. Hivi vitu vinaongea kwa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), mwanga unapiga mezani unarudi juu, jirani anaangalia umefifia kiasi gani ndo anajua umbali. Mimi meza nimeweka dirishani, mchana wa Dar, jua likazidi mwanga wao, vyote viziwi! Nimebadilisha programu mara sijui ngapi kumbe dawa ilikuwa pazia.

Foleni nayo usiombe. Vinatembea kwa kufuata ukingo wa wenzao waliokwisha kaa, sasa kimoja kikinasa kwenye vumbi nyuma yake panakuwa Ubungo saa 12 jioni. Na chenyewe hakijui kama kimenasa maana hakina kitu cha kupima mwendo, kwa hiyo kifundishe kiangalie umbali wake na majirani, usipobadilika kiongeze nguvu ya mota kidogo. Hata wale wa Harvard kupanga umbo moja iliwachukua kama masaa 12.

Ila kilichonimaliza ni kazi ya mikono. Kubadilisha mstari mmoja wa programu nachomeka waya mara 12, kuchaji mara 12, swichi mara 12. Kilobot zinapokea programu zote kwa pamoja kutoka juu, zinachajiwa zikiwa zimebanwa katikati ya vibao viwili vya chuma, na mimi nilidhani hayo ni mapambo nitayaweka baadaye. Anza na hayo. Na weka mota zizime betri ikishuka, vyangu vitatu niliviacha vimewaka usiku kucha, betri zikavimba, nimebaki na 9.