Nesi aliniuliza, nikasema nimeteleza bafuni

*Shangazi, nina mimba ya miezi 6. Kliniki nesi aliona alama mkononi kwangu, akauliza kama kuna mtu nyumbani ananipiga. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, nje ya mlango. Nikasema nimeteleza bafuni. Ukweli ni yeye, na juzi kanipiga teke la ubavu. Tukirudi huichukua kadi ya kliniki akaisoma yote. Nimekosea kudanganya? – Mama Kijacho, Morogoro*

Mdogo wangu, kwanza hilo teke. Nenda ukapimwe leo, hata kama husikii maumivu. Kondo la nyuma likiachia, damu inaweza kubaki ndani usiione. Ukiona damu au maji, tumbo likikaza, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hata usiku wa manane.

Hujakosea. Mtu yuko nje ya mlango, ungesema nini? Ulijilinda. Ila nesi yule hakuwa mbea. Tangu 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa kliniki za wajawazito unataka swali hilo lifikiriwe, pale penye uwezo wa kumsaidia mama, na aulizwe faraghani. Faragha ndiyo uliyokosa, na hilo linaniuma, maana ukuta mwembamba unaweza kumfunga mama mdomo.

Swali lile halijaisha. Unaweza kurudi hata kabla ya tarehe yako. Ukiitwa kutoa mkojo au kupimwa tumbo, mwambie nesi kwa sauti ya chini: "Lile swali la siku ile, naomba uniulize tena, mume wangu asiwepo." Atajua namna ya kumweka nje. Kabla hujasema zaidi, mweleze kwamba kadi inasomwa nyumbani, na umuulize maelezo yako atayaandika wapi. Wala usimtumie ujumbe kwenye simu anayoishika mumeo.

Ukishasema, uliza kama hospitali ya karibu ina kituo cha Mkono kwa Mkono. Pale daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja, huzunguki na tumbo lako ofisi hadi ofisi. Kama hakuna, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, utaipata polisi. Kushtaki au kuondoka utaamua mwenyewe, asikusukume mtu, hata mimi.

Watakaokwambia vumilia, ndoa ndivyo ilivyo, hawakuliona hilo teke. Mchague mmoja tu unayemwamini, dada au jirani, umwachie nguo zako na za mtoto. Kisha niandikie, nijue umefika hospitali.