Nachora vizuri kutoka kwenye simu, chuoni nitafundishwa nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Muheza, nimemaliza kidato cha nne. Nachora sura za watu kwa penseli nikiangalia picha kwenye simu: nagawa miraba, nahamishia kwenye karatasi, na mtu hujitambua papo hapo. Lakini nikimkalisha dada yangu nimchore, anatoka mtu mwingine kabisa. Tatizo ni nini? Na nikija kusoma sanaa Bagamoyo, nitarajie nini ambacho sikipati Yutubu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na dada yako, maana ukilielewa hilo umeshaelewa sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza.

Picha ya simu ilishafanyiwa kazi ngumu kabla hujaigusa. Kamera ina jicho moja, mwanga imeugandisha, na uso wenye mabonde na vilima imeulaza ukawa bapa. Wewe unahamisha mraba kwa mraba. Dada yako anapumua, anageuza shingo, na wewe unamtazama kwa macho mawili huku kichwa chako kikicheza. Hapo mkono unaacha kufuata jicho, unafuata mazoea: jicho umbo la samaki, pua mistari miwili.

Chukua mchoro mmojawapo wa dada yako, pima kutoka utosini hadi kidevuni. Macho umeyaweka wapi? Naweka dau umeyapandisha juu. Karibu kila anayeanza hufanya hivyo, kwa kuwa paji na nywele huwa hatuzitilii maanani. Kwa mtu mzima macho hukaa karibu katikati kabisa. Sasa mkalishe tena. Nyoosha mkono, usikunje kiwiko hata kidogo, funga jicho moja, pima kwa penseli na kidole gumba: kutoka jicho hadi kidevu, kisha kutoka jicho hadi utosi. Kiwiko kikilegea kipimo kimeharibika, rudia.

Hicho ndicho utakachofanya miezi ya mwanzo, na kitakuchosha. Chupa. Kiti. Chungu. Mkono wako mwenyewe. Wanaokuja wakiwa wamesifiwa sana mtaani ndio huumia zaidi, nami nilikuwa mmoja wao. Mwalimu wangu aliugeuza mchoro wangu wa ngalawa juu chini mbele ya wenzangu, na pale pale nikaona mlingoti umelala upande. Sikulala vizuri usiku ule. Kazi hubandikwa ukutani, kila mtu anasema anachokiona, na wewe unasikiliza bila kujitetea. Yutubu itakuonyesha namna ya kuchora pua. Haitakuambia kuwa pua yako *wewe* imepinda, na imepinda kila mara upande ule ule.

Kisha kuna mambo ambayo mji wenyewe hufundisha. Maji yakipwa, sisi walimu huwashusha wanafunzi ufukweni pale wavuvi wanaposhusha samaki. Ukisimama, mstari wa bahari na anga unapita kwenye vichwa vya watu wa kimo chako, walio karibu na walio mbali sawasawa. Keti mchangani: mstari ule ule sasa unawapita viunoni. Upeo umekufuata jicho lako ulipoketi. Nimelieleza hilo ubaoni mara nyingi bila mafanikio, na pale ufukweni linaeleweka kwa dakika mbili.

Kuhusu chuo chenyewe: TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, imejulikana zaidi kwa ngoma, muziki na maigizo. Kwa hiyo mchoraji huishi katikati ya midundo. Usiione kero. Anayecheza sindimba ukimchora kila siku, baada ya muda unajua uzito wa mwili umeegemea mguu upi, na michoro yako inaacha kusimama kama nguzo. Ada na orodha ya vifaa waulize wenyewe kabla ya kufunga safari. Karatasi zako zihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Hewa ya pwani huzikunja.

Usije pia ukidhani bila chuo hakuna mchoraji. Edward Said Tingatinga hakupita chuo chochote cha sanaa, alipaka rangi za kung'aa juu ya hadibodi pale Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960, na leo mtindo wake unabeba jina lake. Ila angalia: wanaomwiga ni wengi, na kunakili unakujua tayari. Chuo nakushauri kwa sababu umekwama kwenye kuona, na hapo mtu wa pembeni husaidia.

Kabla hujaomba nafasi, mchore dada yako mara ishirini, dakika kumi kila mara, bila raba. Andika tarehe nyuma ya kila karatasi. Ukija Bagamoyo zilete zote, pamoja na zile unazoona aibu kuzionyesha. Mimi nitaanza na hizo.