Mwenye Jinsia Mbili Si Baiseksuali

SWALI: Baiseksuali na panseksuali wana tofauti gani? Redioni nasikia wote wakiitwa "watu wenye jinsia mbili". Msomaji, Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Tofauti ipo. Lakini hilo la redioni linanikera mno, na lisipoondolewa kwanza, jibu lolote litapotea bure.

"Mwenye" ni neno la kumiliki. Nenda Mwaloni, Kirumba, uulizie mwenye sato na sangara: utaelekezwa kwenye meza yenye samaki hao. Mpenda sato na sangara ni mtu mwingine kabisa. Huenda ni mteja aliyesimama na kikapu kitupu, hana hata dagaa mmoja. Wa kwanza anao, wa pili anawapenda. Ukimwita mteja huyo mwenye sato na sangara, umembambikia mali isiyo yake. Baiseksuali naye akiitwa mwenye jinsia mbili, anabambikiwa mwili usio wake. Mwanamke baiseksuali ni mwanamke. Kinachozidi moja ni jinsia za watu anaovutiwa nao.

Anayeumia zaidi ni huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake hayaingii wazi upande wa kiume wala wa kike, au mwenye jinsia tata kama wengi wanavyosema siku hizi. Hali yake ni ya maumbile: kromosomu, homoni, viungo vya uzazi. Mtu huzaliwa nayo, na haisemi lolote kuhusu nani atampenda ukubwani. Mtangazaji anayewatia wote katika kapu moja anapotosha habari za watu wawili kwa sentensi moja, na kitenzi kimoja tu kingemwokoa: kuvutiwa.

"Mpenzi wa jinsia mbili" nalo haliponi, maana msikilizaji hajui kama jinsia hizo ni za mpenzi au za wapendwa.

Asili ya maneno yenyewe ni fupi. "Bi" ni Kilatini, mbili. "Pan" ni Kigiriki, yote. Wanabotania walikwisha kuliita ua lenye stameni na pistili, yaani viungo vya kiume na vya kike pamoja, kwa jina hilohilo la "bi" kabla halijahamia kwenye mapenzi. Kwa ua, "lenye jinsia mbili" ni tafsiri sahihi. Tatizo ni kwamba watafsiri wetu wametafsiri ua, wakadhani wametafsiri mtu.

Sasa tofauti. Baiseksuali huvutiwa na jinsia zaidi ya moja, si lazima kwa wakati mmoja wala kwa kiwango kilekile. Wengi wao wanakataa kwamba "bi" inawafungia kwa wanaume na wanawake tu. Kwao ni jinsia kama yao na nyingine zisizo kama yao. Panseksuali husema jinsia ya mtu si kigezo kabisa katika kuvutiwa kwake. Mipaka inaingiliana, na wapo wanaojiita yote mawili. Hakuna jina kati ya hayo linalohesabu wapenzi: baiseksuali aliye na mume mmoja miaka 20 bado ni baiseksuali.

Maneno ya mkopo siyapendi sana, ila haya nayavumilia kuliko tafsiri inayodanganya. Ukitaka Kiswahili kitupu, sema "anayevutiwa na jinsia zaidi ya moja" na "anayevutiwa na watu bila kujali jinsia". Ni marefu, ndiyo, lakini yanasema kweli. Na mhojiwa akijiita panseksuali, andika panseksuali. Usimgeuze baiseksuali kwa kudhani ni yaleyale.