Kubadilisha Pampu ya Maji ya Waipa Nyumbani: Anza kwa Kusikiliza Kabla ya Kununua

Anayesafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro siku ya manyunyu anaifahamu vizuri hatari ninayotaka kuizungumzia. Mvua inakuwa haijanyesha vya kutosha kuosha kioo, lakini barabara imelowa kiasi cha magurudumu ya lori lililo mbele kurusha tope jembamba lililochanganyika na mafuta, na ukiwasha waipa bila maji zinalipaka tope lile kioo kizima. Kama ni jioni na jua linakupiga usoni, kwa muda huo unaendesha bila kuona chochote. Ndiyo maana naisihi kila familia yenye gari isiipuuze pampu ya maji ya waipa, ingawa ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani na watu wengi hukiacha kibovu hadi gari linauzwa. Nimebadilisha pampu ya gari langu na baadaye ya gari la shemeji yangu, zote nyumbani na kwa vifaa vya kawaida, na ninaamini mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya kazi hii.

Kwanza tuelewe tunachokitafuta. Pampu hii ni mota ndogo ya umeme wa volti 12 yenye pangaboi dogo ndani yake, na imechomekwa karibu na kitako cha tangi la maji ya waipa kupitia mpira wa duara unaozuia maji yasivuje. Haina uhusiano wowote na mota inayosukuma waipa kwenda na kurudi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu shemeji yangu aliwahi kuambiwa kwenye gereji moja kwamba abadilishe mota nzima ya waipa, ilhali waipa zake zilikuwa zinafanya kazi vizuri na kilichokosekana ni maji tu. Waipa zikitembea na maji yasitoke, tatizo liko kwenye tangi, pampu, mipira ya kupitishia maji, nozeli (vidude vyenye vitundu vinavyorusha maji kwenye kioo) au umeme unaoifikia pampu, na hakuna sababu ya kuigusa mota ya waipa.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza. Liweke gari mahali pasipo na kelele, hakikisha tangi lina maji, fungua boneti, washa swichi bila kuwasha injini, kisha mwombe mtu avute mkono wa waipa, yaani ule wa kuwashia waipa ulio karibu na usukani, kwa sekunde moja au mbili wakati wewe umeinama karibu na tangi. Ukisikia mlio mwembamba wa mota inayozunguka, pampu ina uhai, na kuna uwezekano mkubwa kwamba maji yamezuiwa njiani. Usipoisikia kabisa, huenda pampu imekufa au umeme hauifikii. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na naona ndicho kinachowaokoa watu wengi wasitumie fedha bure.

Pampu ikilia na maji yasitoke, anza na nozeli. Kwenye gari la shemeji, ambalo kwa muda mrefu lilijazwa maji ya kisima yenye chumvi, vitundu vya nozeli vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe mgumu, na nilipoukwangua kwa ncha ya pini ulitoka kwa vipande vidogo kama mchanga wa chokaa. Pini nyembamba inatosha, ila izungushe taratibu bila kuisukuma kwa nguvu, kwa sababu nozeli nyingi ni za plastiki. Kisha chomoa mpira unaoingia kwenye nozeli chini ya boneti na umwombe msaidizi avute tena mkono wa waipa. Maji yakiruka kutoka kwenye mpira, nozeli ndiyo yenye tatizo. Yasiporuka, ufuate mpira ule hadi kwenye tangi ukitafuta mahali ulipopasuka, ulipojikunja au ulipochomoka kwenye kiungio. Mahali unapokunjwa kila boneti inapofunguliwa ndipo unapochoka mapema.

Magari yenye waipa ya nyuma yanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Mengine yana pampu mbili kwenye tangi moja, na mengine yana pampu moja yenye midomo miwili, ambayo ikizunguka upande mmoja hupeleka maji kioo cha mbele na ikizunguka upande wa pili hupeleka nyuma, kwa kuwa swichi hubadilishana chanya na hasi. Kama gari lako ni la aina hii ya pili, na maji ya mbele yanatoka vizuri lakini ya nyuma hayatoki, usikimbilie kununua pampu. Mpira wa nyuma hupita mbali, na mara nyingi hukatika karibu na bawaba za mlango wa nyuma, mahali unapokunjwa kila mara mlango unapofunguliwa. Ukiona kitambaa cha dari kimelowa upande wa nyuma, tafuta hapo kwanza.

Pampu isipolia kabisa, nenda kwenye fyuzi. Mfuniko wa kisanduku cha fyuzi huwa na mchoro, nawe utafute iliyoandikwa kwa ajili ya waipa au maji ya waipa; kwenye magari mengi ni ya ampea kati ya 10 na 20. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zile zile, na kamwe usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya, kwa sababu kazi ya fyuzi ni kuulinda mfumo wa nyaya usishike moto. Fyuzi mpya ikiungua tena mara tu unapovuta mkono wa waipa, pampu imekwama au kuna nyaya zinazogusana. Fyuzi ikiwa nzima, ichomoe soketi ya pampu, weka mita ya umeme kwenye volti za betri, gusisha ncha zake kwenye pini mbili za soketi, na msaidizi avute mkono wa waipa. Ukisoma takribani volti 12 na pampu ilikuwa kimya, pampu imekufa. Usiposoma kitu, pampu mpya haitakusaidia. Tatizo liko kwenye waya, kwenye swichi iliyo chini ya usukani, au mahali waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi, na hapo ni busara kumwita fundi umeme wa magari.

Sasa tuseme umehakikisha kwamba pampu imekufa. Usiende dukani na jina la gari pekee, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuwa na pampu tofauti kulingana na mwaka na aina ya bodi. Ni vizuri kwenda na pampu yenyewe mkononi au na namba iliyoandikwa ubavuni mwake; kwa magari ya Toyota namba za pampu hizi mara nyingi huanza na 85330. Kwenye maduka ya spea ya Kariakoo au, kwa walio Nairobi, yale ya Barabara ya Kirinyaga, muuzaji mzuri atazilinganisha zote mbili mbele yako. Angalia mambo matatu: umbo la soketi na pini zake, unene wa shingo inayoingia kwenye tangi, na idadi pamoja na mwelekeo wa midomo ya kutolea maji. Nunua na mpira wa duara mpya siku hiyo hiyo. Mimi sipendi pampu ya mtumba kwa kazi hii, kwa kuwa huwezi kujua imekaa kavu muda gani, na pampu mpya haina bei ya kutisha ukilinganisha na vipuri vingine vya gari.

Kazi ngumu zaidi ni kulifikia tangi. Kwenye magari machache unaliona lote chini ya boneti, lakini kwenye mengi shingo ya kujazia maji ndiyo inayoonekana, na tangi lenyewe limejificha nyuma ya bampa la mbele, ndani ya madigadi. Huhitaji kulishusha bampa mara moja. Kata usukani hadi mwisho ili gurudumu likupe nafasi, kisha ondoa sehemu ya mbele ya plastiki inayofunika ndani ya madigadi. Plastiki hiyo hushikiliwa na klipu pamoja na boliti za spana namba 10 au skrubu za bisibisi ya nyota. Klipu nyingi zina kitufe katikati: kitoe kwanza kwa bisibisi nyembamba bapa, ndipo uivute klipu nzima, la sivyo itakatika. Klipu za zamani zilizokaushwa na jua hukatika hata ukiwa mwangalifu, kwa hiyo nunua chache za ziada. Ukilazimika kunyanyua gari, liegeshe kwenye ardhi tambarare na ngumu, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, na ulikalishe kwenye stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia tu, na hakuna pampu inayostahili mtu aweke mwili wake chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Ukishaiona pampu, usiichomoe kwanza. Osha eneo lote kwa maji na brashi, kwa kuwa tope lililoganda pale likiingia kwenye tundu la tangi litakwenda moja kwa moja kwenye pampu mpya. Zima swichi ya gari, weka besini chini, bonyeza kibano cha soketi na uivute kwa kushika soketi yenyewe, usivute nyaya. Kama mipira ni miwili, ifunge utepe wenye alama ili ujue upi ni wa mbele na upi ni wa nyuma. Mpira uliokakamaa unamwagiwa maji ya moto ili ulainike; ukiuvuta kwa nguvu ukiwa mkavu, utaupasua au utavunja mdomo wa pampu. Baada ya hapo ilaze pampu kwa nje upande wake wa juu, uitikise kidogo huku ukiivuta, na itatoka pamoja na maji yote yaliyobaki kwenye tangi.

Mpira wa duara ndio sehemu ninayotaka uitazame kwa makini kuliko zote. Uutoe kwa vidole, uuinue kwenye mwanga, na uuminye. Mpira mzima unarudi kwenye umbo lake. Uliochoka huonyesha nyufa ndogo upande wa ndani, au huwa mgumu na kubaki umebonyea palipokuwa na shingo ya pampu. Pampu mpya kwenye mpira uliochoka itavuja, na wewe utadhani umeuziwa pampu mbovu. Baadhi ya mipira ina kichujio cha wavu ndani yake, na mara nyingi utakikuta kimejaa utando wa kijani na mchanga. Kabla ya kuweka mpira mpya, suuza tangi kwa maji safi mara kadhaa hadi yanayotoka yawe meupe, na ufute ukingo wa tundu kwa kitambaa. Kisha lowesha mpira kwa maji yenye sabuni kidogo ili pampu iteleze. Usitumie grisi wala oili ya injini, kwa sababu mafuta hayo huufanya mpira wa aina nyingi uvimbe na kuharibika, na usipake gundi ya silikoni ukidhani unaziba vizuri zaidi. Vipande vyake huingia ndani, na siku ya kubadilisha tena utapata taabu.

Isukume pampu mpya kwa kiganja, moja kwa moja, hadi ikae kabisa na ubavu wake ushikwe na kishikizo cha tangi. Rudisha mipira kwa kufuata alama, kisha soketi hadi usikie inabana. Kabla ya kurudisha plastiki ya madigadi, jaza maji hadi nusu ya tangi, funga tishu kavu kuzunguka shingo ya pampu, na usubiri kidogo. Tishu ikibaki kavu, jaza lililobaki na uvute mkono wa waipa kwa vipindi vifupi, kwa kuwa hewa iliyomo kwenye mipira hutangulia kutoka. Kama maji ya mbele yanaruka nyuma, mipira miwili imebadilishana nafasi. Nozeli zenye kigololi kinachozunguka zielekeze kwa pini, maji yapige juu kidogo ya katikati ya eneo linalofutwa na waipa, kwa sababu ukiwa kwenye mwendo upepo huyasukuma chini.

Kinachobaki ni maji utakayojaza. Pampu hupozwa na kulainishwa na maji yanayopita ndani yake, hivyo ukiendelea kuvuta mkono wa waipa tangi likiwa tupu unaiunguza mwenyewe. Maji ya kisima yenye chumvi na sabuni ya unga huacha ukoko kwenye nozeli. Tumia maji safi yasiyo na chumvi, au dawa maalumu ya kuoshea kioo iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usiweke kulanti ya rejeta, yaani dawa ya kupozea injini, ambayo ni sumu na huacha ukungu kwenye kioo. Ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wanapaswa kutumia dawa ya majira ya baridi isiyoganda, kwa kuwa maji matupu yakigeuka barafu hutanuka na yanaweza kupasua pampu au tangi lenyewe kwa usiku mmoja; na kama gari linatoka sehemu yenye joto kwenda yenye baridi, maji ya zamani yamalizwe kwanza kwa kuyapuliza kwenye kioo, kisha dawa ijazwe na kupulizwa tena hadi ifike kwenye nozeli.